Jiwe, Mwamba na Madini: Lugha ya Jiolojia kwa Mwanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita

Katika shule za sekondari za Tanzania hakuna somo linaloitwa jiolojia. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayetamani kuwa mjiolojia hulazimika kuyatafuta mawe yake ndani ya masomo mengine: miamba, milima na matetemeko ya ardhi yamo katika jiografia ya maumbile, fuwele na kampaundi zimo katika kemia, mawimbi na unururifu vimo katika fizikia. Aliyechukua tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati huweza kuingia chuo kikuu bila ya kufundishwa habari za mwamba hata mmoja tangu alipomaliza kidato cha nne. Aliyechukua Fizikia, Jiografia na Hisabati huwa ameyakariri majina ya miamba, lakini hana kemia ya kumwonyesha kwa nini mwamba mmoja si sawa na mwingine. Wote wawili huketi benchi moja mwaka wa kwanza, wakapewa jiwe mkononi na kuulizwa: hili ni nini, na lilitokeaje?

Si Tanzania peke yake. Nchini Uingereza jiolojia ni somo kamili la mtihani wa kiwango cha juu wa sekondari, na anayelisoma hutakiwa kutimiza siku zisizopungua nne za kazi ya uwandani. Hata hivyo shule na vyuo vinavyolitoa ni vichache, na idara nyingi za jiolojia za vyuo vikuu vya huko hazimdai mwombaji awe amelisoma. Kwa hiyo huko pia wapo wengi wanaoanzia sifuri. Tofauti kubwa ni kwamba mwanafunzi wa Uingereza anaanzia sifuri katika sayansi tu. Wa Tanzania anaanzia sifuri katika sayansi huku akiibeba katika lugha ambayo bado anajifunza.

Jambo hilo lina uzito wa pekee katika jiolojia kwa sababu jiolojia, hasa katika hatua zake za mwanzo, ni sayansi ya kutaja na kueleza. Mwanafizikia anaweza kusafiri mbali kwa alama na milinganyo. Anayeanza jiolojia hana milinganyo ya kujifichia. Ana jiwe, na ana maneno. Asipokuwa na neno la kutenganisha punje zenye kingo kali na punje za mviringo, uwezekano ni mkubwa kwamba hata tofauti yenyewe hataiona.

Lugha mbili, mwamba mmoja

Aliyesoma shule ya msingi ya umma amefundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya elimu ya msingi. Ameambiwa kwamba kuna miamba moto, miamba tabaka na miamba geu. Wengine wameambiwa mashapo badala ya tabaka. Anapoingia kidato cha kwanza lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza, na mwamba uleule unarudi kwake ukiwa na jina ambalo halina jamaa katika lugha yake. Historia ya jambo hili inafahamika kwa wanafunzi wa isimujamii na haina haja ya kurefushwa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Uchunguzi wa Criper na Dodd (1984) ulionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kubeba masomo, ila watafiti hao, kwa mantiki ambayo wengi wameihoji tangu hapo, walishauri Kiingereza kiendelee na kisaidiwe. Roy-Campbell na Qorro (1997) waliliita jambo hilo kwa jina lake: mgogoro wa lugha. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliruhusu lugha zote mbili, lakini jiografia ya kidato cha tano na cha sita ingali inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza.

Mjadala huo mara nyingi huendeshwa kana kwamba suala ni kuchagua lugha moja na kuitupa nyingine. Hapa linaangaliwa jambo dogo zaidi, ambalo pengine ndilo lenye manufaa zaidi kwa mwalimu wa darasani: ni nini hasa kinachotokea kwa maana pale neno la jiwe linapotoka kinywani mwa mchimbaji, mvuvi au mwashi na kuingia katika daftari la kidato cha tano?

Maneno matatu ya kwanza

Msemaji wa kawaida wa Kiswahili ana jiwe, mwamba na jabali. Tofauti anayoiweka baina yao ni ya ukubwa na ya kuondoleka. Jiwe laweza kuokotwa, kurushwa, kutiwa mfukoni. Mwamba hauondoki mahali pake. Jabali ni kubwa na huonekana kutoka mbali. Mvuvi wa Pwani anaongeza maana nyingine: kwake mwamba ni ule ulio chini ya maji, unaovunja mawimbi na kukaa samaki. Mgawanyo huu umetimia kabisa kwa matumizi yake, na hakuna sababu ya kuuita wa kizamani.

Jiolojia inagawa kwa njia nyingine. Kwake yeye mjiolojia, kipande kinachotosha kiganjani ni mwamba sawasawa na kilima kilichokitoa. Tena, katika vitabu vingi vya taaluma hiyo, hata udongo wa mfinyanzi ambao haujakauka na mchanga usioshikamana huhesabiwa kuwa miamba, kwa kuwa kinachotazamwa ni namna ulivyojikusanya, wala si ugumu. Mwanafunzi anayesoma kwa Kiingereza hukutana na neno la kigeni, akalitafsiri kimoyomoyo kuwa mwamba, na pamoja na tafsiri hiyo akaingiza ugumu na kutoondoleka. Baadaye akielezwa kwamba mchanga wa ufukweni ni mwamba, anadhani mwalimu amekosea au yeye hakusikia vizuri. Kosa si la Kiswahili wala la Kiingereza. Ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa neno limehamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Neno la tatu, madini, ndilo lenye shida kubwa zaidi. Lilitoka katika Kiarabu, ambako shina lake lahusu machimbo na vitu vinavyochimbwa, na katika Kiswahili limekuwa na maana ya kitu cha thamani kilichomo ardhini: dhahabu, almasi, shaba, tanzanaiti. Kuna Wizara ya Madini, kuna masoko ya madini, kuna leseni za madini. Katika matumizi haya yote thamani ndiyo sharti. Katika jiolojia thamani haina nafasi. Madini ni kitu kigumu kilichotokea kwa njia za asili, chenye mpangilio maalumu wa atomi na kemikali zinazojulikana. Kwatsi, ambayo imejaa katika mchanga wa fukwe nyingi, ni madini. Chumvi inayobaki juu ya jiwe maji ya bahari yanapokauka ni madini. Barafu iliyo kileleni mwa Kilimanjaro nayo, kwa fasili hiyo, ni madini. Kinyume chake mkaa wa mawe, ambao wizara inausimamia pamoja na madini mengine, haukidhi fasili ya mjiolojia, kwa sababu umetokana na mimea na hauna mpangilio huo wa atomi. Mwanafunzi anayejibu kwamba mwamba ni mkusanyiko wa madini, na moyoni akafahamu kwamba kila mwamba umejaa mali, ameandika jibu sahihi asilolielewa. Mtahini atampa alama zake zote.

Hapa ndipo magadi yanaposaidia. Kila aliyewahi kukaa jikoni anayajua: hutiwa kidogo katika maharage au makande yaive upesi. Yanatoka katika maziwa ya Bonde la Ufa kama Natron na Magadi, na lile la pili limeitwa kwa jina lake. Si mali ya kumtajirisha mtu, lakini ni madini halisi, yenye sodiamu na kaboneti. Mwalimu anayeanza na bonge la magadi mezani, kabla ya dhahabu, ameshaondoa nusu ya utata wa neno.

Itale, kokoto na changarawe

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina akiba ya kutosha kwa somo hili. Madai hayo hayajapimwa. Litazamwe neno itale, ambalo kamusi hulitoa kwa ule mwamba mgumu wenye madoadoa unaounda vilima vya mawe vya Mwanza na Dodoma. Shina lake lina jamaa wengi katika lugha za Kibantu, na wataalamu wa isimu historia wamelirejesha hadi katika Mame-Bantu likiwa na maana ya jiwe au jiwe la chuma. Kinyarwanda na Kirundi husema urutare kwa mwamba, na mlingano wa l na r si jambo la kumshangaza mwanaisimu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kigoma au Ngara anapoambiwa itale, hapokei neno geni. Anapokea neno la kwao katika mavazi mengine. Mawe ya itale ya Mwanza yana umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na maumbo yake ya kupangana kama mizigo yametokana na maji kupenya katika nyufa na kuuchakaza mwamba ungali chini ya udongo, kisha udongo ukaondolewa na vitovu vigumu vikabaki vimesimama. Anayeishi chini ya mawe hayo, na kuyaona kila asubuhi akienda shule, hafundishwi jambo hili mpaka kidato cha tano, na hapo hufundishwa kwa mifano ya Dartmoor.

Mfano mwingine ni wa wajenzi. Kwa fundi, kokoto ni mawe yaliyopondwa, iwe kwa nyundo au kwa mashine; kingo zake ni kali na ndiyo maana hushikana vyema katika zege. Changarawe ni vijiwe ambavyo maji au hali ya nchi yenyewe imevitoa, na mara nyingi ni vya mviringo. Fundi hachanganyi viwili hivi, na mteja akileta kimoja badala ya kingine ataambiwa. Sasa, jiolojia ya kidato cha tano inamtaka mwanafunzi atofautishe aina mbili za miamba tabaka yenye punje kubwa: mmoja wenye punje za kingo kali, ambazo hazikusafiri mbali na mahali zilipovunjika, na mwingine wenye punje za mviringo, ambazo mto au mawimbi yamezisugua kwa safari ndefu. Majina ya Kiingereza ya miamba hii miwili, moja lenye asili ya Kiitaliano na jingine la Kilatini, hayamsaidii hata kidogo kukumbuka upi ni upi. Angeambiwa kwamba mmoja ni mwamba wa kokoto na mwingine ni mwamba wa changarawe, angeikumbuka tofauti pamoja na sababu yake, kwa kuwa sababu imo ndani ya maneno.

Ni kweli kwamba lugha ya kila siku haikamiliki. Jiolojia hupanga punje kwa vipimo: mchanga ni kuanzia milimita 0.0625 hadi 2, na kilicho juu ya hapo ni changarawe; chini ya mchanga kuna punje laini zaidi, na chini ya milimita 0.004 ndipo udongo wa mfinyanzi unapoanza. Kiswahili kina tope na kina mfinyanzi, lakini baina yake na mchanga hakuna neno moja linalokubaliwa na wote kwa zile punje za kati ambazo mtu huzihisi kati ya meno lakini si kati ya vidole. Pengo ni pengo. Lakini pengo moja katika ngazi yenye daraja nyingi si hoja ya kuitupa ngazi.

Kwa upande wa vitenzi, Kiswahili kina utajiri ambao walimu hawautumii. Kiambishi cha kutendeka huonyesha jambo linalotokea bila mtendaji, na jiolojia karibu yote ni habari za mambo yasiyo na mtendaji: ardhi hupasuka, tabaka hukunjika, bonde hudidimia, mwambao huinuka, udongo humomonyoka. Kutoka katika vitenzi hivyo huja mpasuko, mkunjo na mmomonyoko. Mwanafunzi anayejifunza majina ya Kiingereza ya matukio hayo huyapokea kama vitu. Katika Kiswahili hawezi kusahau kwamba ni matendo, maana kitenzi kinasikika ndani ya jina. Palipo na hatari ni kwenye mmomonyoko wenyewe. Katika mazungumzo neno hilo hufunika mambo mawili: mwamba kuchakaa na kuvunjika hapohapo ulipo, na vipande vyake kuchukuliwa na maji, upepo au barafu. Mtihani wa kidato cha sita hupenda sana kuuliza tofauti ya mambo hayo mawili. Dawa si kubuni neno la kigeni. Ni kusema wazi kwamba kuchakaa hakuna safari, na mmomonyoko unayo.

Tindikali isiyo tindikali

Zipo sehemu ambapo kosa limo ndani ya Kiingereza chenyewe, na mwanafunzi wa Kiswahili hulirithi bila kujua. Vitabu vya jiografia vinavyotumika Afrika Mashariki hugawa zaha katika aina mbili, yenye asidi na yenye besi, na kueleza kwamba ya kwanza ni nzito na hujenga milima yenye miteremko mikali, na ya pili ni nyepesi na husambaa mbali. Mwanafunzi wa Kemia, Biolojia na Jiografia hufanya kile ambacho mtu mwenye akili angefanya: anadhani kwamba zaha ya kwanza ingegeuza karatasi ya litmasi kuwa nyekundu. Haiwi hivyo. Majina hayo yalitokana na dhana ya karne ya 19 kwamba silika iliyomo katika miamba ni chumvi za asidi ya silika. Dhana iliachwa, majina yakabaki. Kinachopimwa ni kiasi cha silika: zaidi ya asilimia 63 hivi katika aina ya kwanza, na kati ya asilimia 45 na 52 katika ya pili. Kadiri silika inavyozidi, ndivyo mnato unavyozidi.

Sasa yasikilizwe maneno ambayo walimu wa shule za msingi wamekuwa wakiyatumia kwa miaka: uji wa moto. Wasomi wengine huyadharau kwa kuwa yanatoka jikoni. Lakini kila mtoto anajua kwamba kuna uji mzito na uji mwepesi, kwamba mzito haumwagiki upesi, na kwamba unapochemka mapovu yake hupasuka kwa kishindo na kuruka, hali mapovu ya uji mwepesi hutoka kimyakimya. Hiyo ndiyo sababu hasa inayofanya volkeno zenye zaha ya mnato mkubwa kulipuka kwa nguvu: gesi imenaswa. Istilahi ya jikoni inaeleza. Istilahi ya kitabu inapotosha. Haina maana kwamba zaha iitwe uji katika tasnifu ya uzamili. Ina maana kwamba njia ya kufikia mnato ipitie kwenye sufuria.

Na hapa Tanzania ina mfano usio na kifani. Oldoinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, ndiyo volkeno pekee hai duniani inayojulikana kutoa zaha ya kaboneti ya sodiamu badala ya silika. Tabia hiyo ilitambuliwa katika mlipuko wa mwaka 1960, na J. B. Dawson akaichapisha mwaka 1962. Zaha yake huwa na nyuzi joto kati ya 500 na 600 za Selsiasi, takriban nusu ya zile za zaha ya kawaida ya besi. Hutoka ikiwa nyeusi, hutiririka kama maji, na baada ya muda mfupi ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Madini mawili makuu yaliyomo yamepewa majina ya watu: moja la J. W. Gregory, mwanajiolojia aliyelipa Bonde la Ufa umaarufu wake wa kitaaluma, na jingine, nyerereiti, la Mwalimu Julius Nyerere. Kikemia, zaha hiyo ni jamaa ya karibu ya magadi ya jikoni. Haiingii katika kundi la asidi wala la besi la kitabuni. Mwanafunzi wa Arusha anaweza kufaulu mtihani wake vizuri sana bila kujua lolote kati ya haya, wala kusikia kwamba Mwalimu ana jiwe.

Tabaka na wakati

Neno tabaka, ambalo nalo ni la asili ya Kiarabu, lilikuwa limeshazoea kazi nyingi kabla ya kuingia katika jiolojia: tabaka za watu katika jamii, tabaka za vitambaa, tabaka za mbingu. Katika jamii tabaka la juu ndilo lenye hadhi. Katika miamba tabaka la chini ndilo lenye umri. Kanuni hiyo aliiweka Nicolaus Steno mwaka 1669, na inaweza kusemwa kwa Kiswahili kwa maneno matatu tu: la chini lilitangulia. Kuta za Bonde la Olduvai ni ukumbi wake wa maonyesho. Fuvu lililoitwa Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey mwaka 1959, lilitoka katika tabaka la kwanza kutoka chini. Mwanzoni Louis Leakey alilikadiria umri wa miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 majivu ya volkeno ya tabaka hilo yalipimwa kwa potasiamu inayogeuka kuwa agoni, na jibu likawa miaka milioni 1.75. Nusumaisha ya potasiamu hiyo ni miaka bilioni 1.25, mwanafunzi wa fizikia ameshafundishwa hesabu yake, ila hajawahi kuambiwa kwamba ilitumika Ngorongoro.

Ugumu wa lugha hapa ni mwingine. Somo la historia limeshamfundisha kijana kwamba kulikuwa na Zama za Mawe. Jiolojia inapomletea zama zake, zikiwa pamoja na enzi na vipindi, huzipanga karibu na zile, kwa kuwa neno ni lilelile na mawe ni yaleyale. Zama za Mawe zote, tangu zana za kwanza kabisa zinazojulikana, zina miaka milioni 3.3, dunia ina bilioni 4.5. Zama hizo za historia hazifiki sehemu moja ya elfu moja. Mijusi wakubwa ambao mifupa yao ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, waliishi miaka milioni 150 iliyopita, na hata wao ni wa juzi ukilinganisha na itale ya Mwanza. Enzi, zama na kipindi hupishana kutoka kitabu hadi kitabu, na hili ndilo eneo ambalo waundaji wa istilahi wanahitajika kwa haraka zaidi, kwa sababu hapa lugha ya kila siku haina la kukopesha. Hakuna aliyewahi kuhitaji kutaja miaka milioni sokoni, laki ilitosha.

Nani aulizwe?

Utaratibu wa kuunda istilahi unajulikana, na Tumbo-Massabo na Mwansoko (1992) waliuwekea mwongozo: kuanza na Kiswahili chenyewe, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa imeshatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Jina lake lenyewe linataja sayansi tatu, na ya nne iliyo chini ya miguu ya wote haimo. Lakini utaratibu huo unazipanga lugha, hauwapangi watu. Hausemi kwamba kabla ya kufungua kamusi ya Kiarabu au ya Kisukuma ni vyema kwanza kumtembelea mchoma chokaa.

Mwaka 2017 ulitoa funzo. Machi ya mwaka huo serikali ya Tanzania ilizuia usafirishaji wa mchanga wa madini nje ya nchi, na kwa majuma machache neno makinikia likaenea kutoka taarifa za serikali hadi vijiwe vya kahawa. Inaelekea lilitokana na makini, yaani utulivu wa akili, na kwamba limebeba ndani yake maana mbili za neno moja la Kiingereza: kukaza fikra na kuzidisha kiasi cha kitu ndani ya kingine. Kemia ya Kiswahili ilikuwa tayari na shina la koleza, ambalo lingefaa bila kuazima akili. Hata hivyo makinikia yameshika, na neno likishashika mwanaisimu hana la kufanya ila kuliandika. Wakati huohuo wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa walikuwa na yao, ambayo hakuna aliyewauliza: duara kwa shimo la kuchimbia, karasha kwa mashine ya kusagia mawe, marudio kwa kifusi kilichokwisha kutolewa dhahabu na ambacho kinaweza kurudiwa. Marudio ni istilahi nzuri kuliko nyingi zilizotungwa ofisini. Ni fupi, ina kitenzi ndani yake, na inaeleza mchakato.

Mwalimu wa kidato cha tano aliye Dar es Salaam hahitaji kusubiri kamusi. Katika siku moja anaweza kuwapeleka wanafunzi kwenye kilima cha Wazo, ambako mawe ya chokaa huchimbwa kwa ajili ya saruji, na jioni wakawa Pugu, kwenye mchanga mgumu uliojaa kaolini nyeupe. Njiani, ufukweni, yapo matumbawe ya kale yaliyokuwa chini ya bahari miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kwa mita kadhaa kuliko leo. Ni jamaa ya mawe yaliyojenga Kilwa Kisiwani. Mahali pa kwanza tone la asidi hafifu litatoa povu juu ya jiwe, mahali pa pili halitatoa. Kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili: hili ni nini, na lilitokeaje, halafu, baada ya ukurasa huo na si kabla, aandike majina ya Kiingereza pembeni, kwa sababu hayo ndiyo yatakayoulizwa Mei.